Namna ya kumchora adui wa katuni ambaye watoto watamchukia kweli

Nachora katuni za mwendo hapa Pasua, Moshi, kwenye chumba kimoja chenye dirisha linalotazama kaskazini. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu naiona Kibo yote, kile kilele cha Kilimanjaro, na ndiyo saa yangu ya kuchora. Zamani nilikuwa mchora mabango: saluni, bucha, maandishi ya nyuma ya bajaji. Vijana wanaoanza kazi hii wananiletea michoro yao niiangalie, na karibu kila mmoja ana shida ileile. Steringi wake, yaani shujaa wa hadithi, yuko sawa, mandhari iko sawa, ila adui anatisha bila kuchukiza.

Kutisha na kuchukiza ni vitu viwili tofauti kabisa. Joka la vichwa saba linatisha. Mtoto analiona, anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, halafu kesho yake anajifunga shuka mgongoni na kukimbia uani akinguruma. Analitaka lile joka. Anataka kuwa lenyewe.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Adui wangu wa kwanza nilimpa kofia pana, koti refu, kicheko cha kutetemesha kuta na wimbo wake mwenyewe. Wimbo peke yake ulinichukua wiki mbili. Nilipomaliza niliweka kompyuta juu ya stuli pale uani, nikaita watoto wa nyumba zote nne, wakaangalia mara tatu mfululizo. Kesho yake mchana nikasikia kelele, kutoka nje nikakuta wavulana watano wanagombea nani awe yule adui. Kazi ya kuwa steringi walikuwa wamemsukumia mdogo kuliko wote, naye analia hataki.

Siku hiyo nikapata kipimo ninachotumia mpaka leo. Onyesha katuni yako, kisha subiri watoto waicheze. Wakigombea nafasi ya adui, umechora mtu wa kupendwa. Rudi mezani.

Anza na kosa, sura itakuja

Wengi wanaanza na uso: nyusi za kupanda, meno, kovu shavuni. Mimi nakwambia weka penseli chini kwanza. Jiulize kosa gani mtu anaweza kufanyiwa na akakosa pa kulisemea. Kuiteka dunia nzima hakumuumizi mtoto yeyote, maana hajawahi kuona mtu akiiteka. Lakini kila mtoto amewahi kusingiziwa. Amewahi kunyang'anywa kitu na mtu mzima, akasema, asiaminiwe. Chuki inatoka hapo.

Katuni ninayoitolea mifano hapa ni ya dakika saba. Inahusu binti anayeitwa Manka, mama yake mjane, na baba mdogo anayetaka kihamba walichoachiwa, yaani shamba la migomba la ukoo lenye nyumba ndani yake. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta kisa hicho. Mtu yeyote aliyekulia Kibosho, Uru au Marangu, huku kwetu Uchagani, ameshasikia cha namna hiyo, au kimetokea kwao. Baba mdogo hana silaha, hapigi mtu. Ana shati lililopigwa pasi na ana nafasi kwenye kikao cha ukoo.

Hivyo viwili vinamtosha, kwa sababu adui wa kuchukiwa lazima aheshimiwe na watu wengine ndani ya hadithi. Akichukiwa na kijiji kizima tangu mwanzo, mtazamaji wako atakuwa hana kazi. Akiaminiwa na kila mtu isipokuwa mtoto mmoja, mtazamaji anabaki amebeba siri na yule mtoto, na mzigo huo ndio unaomfanya apige kelele kwenye skrini. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Mchore akiwa nguoni, asiwe porini.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni mama wa kambo katika Cinderella ya Disney ya mwaka 1950, Lady Tremaine. Kwenye hadithi ile uchawi upo, lakini anao mtu mwema. Mama wa kambo yeye ana funguo mfukoni, fimbo ya kutembelea na sauti iliyotulia. Itazame ile sehemu ya gauni kuchanwa, uitazame hata mara kumi. Yeye haligusi gauni. Anausifu tu ule ushanga, polepole, mpaka binti zake watambue kwamba ni mali ya mmoja wao, na hapo wao wenyewe wanamrukia msichana na kumchana nguo mwilini. Mikono ya mama inabaki safi. Karibu na mwisho anamtega mtumishi kwa fimbo yake, kiatu cha kioo kinaanguka na kuvunjika. Fimbo ikasogea kidogo tu, basi.

Mvue kila kinachopendeza

Chukua karatasi, andika kila kitu ulichompa adui wako kinachofurahisha. Wimbo, utani, mavazi ya kung'aa, kicheko, mnyama wa kufuatana naye, ujanja wa kuwashinda wakubwa. Ukitaka achukiwe, futa kimoja kimoja. Scar wa The Lion King ya mwaka 1994 amemuua kaka yake na kumtwisha mtoto lawama, kosa zito kuliko lolote alilofanya yule mama wa kambo, lakini wapo watu wazima wanaompenda mpaka leo. Jeremy Irons alimpa sauti ya madaha, Andreas Deja akamchora kwa mwendo wa kujivuta wenye raha kuutazama, na juu yake akapewa wimbo. Ile ni kazi kubwa, na kama unataka adui wa kufurahiwa, jifunze kwao. Sisi leo tunatafuta kitu kingine.

Utoto wa mateso nao uache. Ukishamwonyesha adui akiwa mdogo analia chini ya mti, mtazamaji anaanza kumhurumia, na huruma ikishaingia chuki inatoka.

Salamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza zaidi.

Kwenye rasimu ya kwanza, baba mdogo anakutana na Manka njiani, binti amebeba dumu la maji kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji ya mlimani. Baba mdogo analipiga teke dumu, maji yanamwagika. Nikawaonyesha watoto. Wakacheka. Teke lina mshindo, maji yanaruka, ni kichekesho kizuri cha katuni.

Nikaliondoa teke. Sasa Manka anamwona baba mdogo kwa mbali, anatua dumu, anakunja goti kidogo na kusema, "Shikamoo baba mdogo." Mzee anasimama. Macho yake yanapita juu ya nywele za mtoto kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Kisha anaendelea na safari. Haitiki. Viatu vyake vinapita karibu kabisa na dumu, havigusi hata tone. Manka anabaki na goti lake limekunjwa, anasubiri marahaba.

Ule muda wa kusubiri ndio wenye kazi yote. Katuni ya kawaida ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde, na wengi wetu tunachora kwa mbili, yaani mchoro mmoja unakaa picha mbili, michoro 12 kwa sekunde. Nilimwacha Manka na goti lake picha 36. Sekunde moja na nusu. Ukiihesabu kwa mdomo ni fupi, kwenye skrini ni ndefu sana. Nilijaribu picha 12, watoto hawakugundua kitu. Nilijaribu 60, wakaanza kuzungumza. Kwenye 36 binti mmoja wa miaka kama saba akasema kwa sauti ndogo, "Hajaitika."

Kinachofuata ni msibani, wazee wamekaa. Manka anapita na sinia la chai, anasalimia tena. Baba mdogo anamwekea mkono kichwani. "Marahaba mwanangu! Hujambo? Umekua mkubwa!" Uani kwetu kulilipuka. "Muongo! Muongo huyo!" Hakuna aliyekuwa ameibiwa kitu bado. Kihamba kilikuwa bado kipo.

Ninachotaka ukitoe hapo ni hiki: tafuta kitendo kidogo cha heshima ambacho mtazamaji wako anakifanya kila siku, kisha umwonyeshe adui akikitumia vibaya. Lugha yetu imejaa vitendo hivyo. Pole. Karibu. Hodi. Mwanangu. Shemeji. Adui anayetukana anamwonya mtu ajihadhari, lakini anayesema "pole sana shemeji yangu" huku anapima shamba kwa macho anamfunga mjane mdomo, maana huyo mjane atamshitaki kwa lipi?

Cha pili nilichotumia ni isale. Kwa msomaji ambaye si wa Kilimanjaro: isale ni mmea wenye majani marefu ambao Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ni ishara ya kuomba msamaha. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, kumkataa ni jambo zito. Baba mdogo analeta jani, anamwomba mama Manka radhi kwa maneno aliyoyasema msibani, mama analipokea kwa mikono miwili. Usiku huohuo baba mdogo anang'oa masale (ndiyo wingi wa isale) ya mpaka na kuyapanda upya, hatua sita ndani ya kihamba cha marehemu kaka yake. Nilichora mikono yake tu, uso sikuuonyesha. Anamaliza kushindilia udongo, anachuma jani moja, anafutia kucha zake mpaka zinakuwa safi.

Mama yangu alipoiona sehemu hiyo alinyamaza, akaniambia nizime kwanza.

Usichukue isale langu kama kwenu si huku. Kila mahali pana kitu chake ambacho hakichezewi. Waulize wazee wa kwenu.

Umbo, macho, mikono

Vitabu vya uchoraji vitakwambia adui achorwe kwa pembe kali na mwema kwa duara. Ni kweli kwamba jicho linaiogopa ncha, na kwa adui wa kutisha ncha zinafaa. Huyu wetu mpe mabega ya kawaida na tumbo la wastani. Mfanye nadhifu. Unadhifu wake ukae karibu na shida za wengine: shati jeupe pembeni ya kanga iliyopauka, kiatu kilichopigwa rangi juu ya udongo uliochimbwa.

Mjaze weusi mtupu uone kama bado anatambulika kwa kivuli chake. Wangu anatambulika kwa mikono iliyofungwa nyuma ya kiuno. Hicho kivuli kikipita kwenye migomba hata mtoto wa miaka mitatu anajua nani amekuja.

Tabasamu lina siri yake. Mtu akifurahi kweli, mashavu yanapanda na kope ya chini inasukumwa juu kidogo. Mchore adui wako mdomo unaotabasamu, kope ya chini usiiguse. Watazamaji hawatajua umefanya nini, ila watahisi. Na mpunguzie kupepesa macho wakati mwenzake analia.

Disney walilifanya hilo kwa njia nyingine katika Frozen ya mwaka 2013. Hans anachorwa kijana mzuri, mpole, kwa sehemu kubwa ya filamu, halafu anamwinamia Anna kama anayetaka kumbusu, anajirudisha, na kwa utulivu anafunga mapazia na kumwagia maji moto uliokuwa unampa joto binti anayeganda. Huko mtazamaji amedanganywa pamoja na mhusika. Njia hiyo ina nguvu, lakini inafanya kazi mara moja tu, na kwa watoto wadogo mimi naipendelea ile ya kuwajulisha mapema. Wakijua mapema, kila "mwanangu" anayoitamka inawachoma upya.

Usiiweke chuki kwenye mwili wa mtu

Tafadhali lisome hili polepole.

Adui wangu wa pili, kabla ya baba mdogo, nilimpa macho mekundu na mgongo uliopinda. Nilifikiri ni rangi tu. Nilipowaonyesha watoto, mmoja akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara na kusema, "Kama bibi wa pale." Vichwa vyote vikageuka. Kulikuwa na bibi kizee amekaa mlangoni kwake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Alikuwa anatutazama, anatabasamu, kwa sababu alipenda kuwaona watoto wamekusanyika.

Nikafunga kompyuta. Nikafuta michoro yote, ilikuwa zaidi ya 400. Katika nchi hii wamezikwa vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu na mtu amesema ni wachawi. Wamezikwa ndugu zetu wenye ualbino. Mchoraji hawezi kusema hakujua. Kalamu yako ikimfundisha mtoto kwamba ubaya unakaa kwenye jicho, ngozi, kigugumizi, mguu mfupi au lafudhi ya kabila fulani, chuki uliyoitengeneza haitabaki kwenye skrini, itatoka na kuvuka barabara.

Kwa hiyo kila ukimaliza kumchora adui, muulize mtoto amfananishe na mtu. Akitaja mtu kwa sura, badilisha sura. Akisema "kama yule aliyemdhulumu mama fulani," yaani akamtaja kwa kitendo, umefika.

Sauti kwanza, mchoro baadaye

Rekodi sauti kabla ya kuchora midomo, kwa sababu pumzi za msemaji ndizo zitakazokuongoza mwili usogee lini. Studio sina. Ninaegemeza magodoro mawili kwenye kona, blanketi juu, na tunarekodi usiku wa manane bodaboda zikiwa zimelala na mashine ya kusaga imezimwa.

Baba mdogo alisemwa na rafiki yangu anayeuza mitumba soko la Memorial hapa Moshi. Ana sauti ya kubembeleza wateja, laini kama mafuta ya nazi. Mwanzoni alitaka kunguruma kama maadui wa filamu zilizotafsiriwa. Nikamwambia, bei ya hilo shati ni elfu nane, mimi nina elfu tano, nishawishi. Akanishawishi. Nikamwambia, sasa kwa sauti hiyohiyo mwambie mjane aondoke kwenye nyumba yake. Alirudia mara mbili tu. Alipotoka chini ya blanketi aliomba maji, akasema hajisikii vizuri.

Programu ninayochorea ni Krita, ya bure, na inafanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta ya mtumba. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, umeme haubishi hodi.

Adhabu

Usimuue. Adui akianguka kutoka juu ya jabali au kumezwa na moto anakuwa mkubwa dakika ya mwisho, na mtazamaji anapata fataki badala ya haki. Adhabu ilingane na kosa. Kama alikula heshima za watu, heshima ndiyo imtoke, mbele ya walewale waliokuwa wanampa.

Nilihangaika sana na mwisho wa baba mdogo. Polisi walikuja kwenye rasimu moja, kwenye nyingine aliteleza kwenye mfongo. Zote zilikuwa nyepesi. Mwisho niliouacha uko hivi: kikao cha ukoo, wazee wameshaonyeshwa mashimo ya zamani ya masale, yaliyofukiwa vibaya. Baba mdogo anaingia amechelewa, shati lake jeupe, mikono nyuma. "Shikamooni wazee." Hakuna anayeitika. Nikaiacha kimya ile ikae picha 36, zilezile.

Siku ya kuionyesha niliweka kompyuta juu ya stuli kama zamani. Hiyo kimya ilipofika watoto nao walinyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa wanakula mahindi. Kesho yake mchana wakaanza kuicheza. Manka walikuwa watatu kwa zamu. Wazee wa ukoo walikuwa wengi, wamejifunga kanga mabegani. Baba mdogo akakosekana. Walibembelezana pale, mmoja akaahidiwa embe, akakataa. Mwishowe wakachukua dumu tupu la lita ishirini, wakalivika shati, wakalisimamisha karibu na mlango, na kila aliyepita mbele yake alilinyima salamu.